Zebaki, boraksi au sayanaidi? Kuchagua njia ya kutoa dhahabu kwenye mawe ya Chunya

Mwenye viroba vya mawe pale Makongolosi au Matundasi, wilayani Chunya, ana njia nne za kuipata dhahabu yake: kuiosha kwa maji akitegemea uzito wake tu, kuikamata kwa zebaki, kuiyeyusha kwa boraksi, au kuiloweka kwenye sayanaidi. Kila njia ina mtetezi wake mwaloni, pale penye mialo, yale mabao ya mteremko ya kuoshea mawe yaliyosagwa, na kila mtetezi ana habari za jirani aliyeamka tajiri. Habari hizo zina utamu wake, ila jirani hakuwa na jiwe lako. Mimi nafundisha kemia Mbeya, na wanafunzi wangu wengi wana baba au kaka huko Chunya, kwa hiyo swali la "mwalimu, ipi bora?" naulizwa sana. Jibu langu huanzia kwenye mada ya mwanzo kabisa, ile ambayo wengi huikariri kwa ajili ya mtihani kisha wakaisahau: elementi, kampaundi na mchanganyiko. Ukiishika hiyo, nusu ya ubishi wa mwaloni unakwisha.

Kwanza jiwe lenyewe

Dhahabu ni elementi, yaani kitu cha aina moja tu kisichovunjika kuwa vitu vingine kwa njia za kemia. Haishiki kutu, haiungani na oksijeni ya hewani wala na maji, ndiyo maana ndani ya mwamba unaikuta ikiwa metali tayari, kwa kawaida na fedha kidogo ndani yake. Majirani zake ni kampaundi, yaani elementi mbili au zaidi zilizoungana kikemia. Kwatizi, lile jiwe jeupe gumu, ni silikoni iliyoungana na oksijeni. Pairiti, ile inayong'aa njano na kuwachezea wageni, ni chuma kilichoungana na salfa. Dhahabu, kwatizi na pairiti vikikaa pamoja ni mchanganyiko, na mchanganyiko unaweza kutenganishwa bila kubadilisha asili ya kitu chochote kilichomo: kwa uzito, kwa sumaku, kwa kuchekecha, kwa kuchuja.

Linganisha na chuma cha Liganga, kule Ludewa. Chuma kile kimeungana na oksijeni. Uyasage mawe yake yawe unga, uyaoshe mwaka mzima, hutapata hata msumari mmoja. Lazima joto kali na kaboni vikivunje kifungo hicho. Mchimbaji wa Chunya ana nafuu ambayo Liganga haina: metali yake iko tayari, kazi ni kuitoa katikati ya wenzake.

Nafuu hiyo ina sharti moja. Chembe ya dhahabu inaweza kuwa huru baada ya jiwe kusagwa, au inaweza kuwa bado imefungiwa ndani ya punje ya kwatizi au pairiti. Iliyofungiwa haikamatwi na zebaki, na sayanaidi huifikia tu pale penye ufa wa kupenya. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya kemikali yoyote, saga kidogo, osha kwenye karai, tazama kilichobaki chini kwa kioo cha kukuzia. Kipande cha njano kinachobapa ukikigonga kwa nyundo ni dhahabu. Kinachovunjikavunjika na kuacha unga mweusi ni pairiti. Kama karai halioneshi kitu ilhali maabara inasema dhahabu imo, basi chembe zake ni laini mno kama poda au zimefungiwa, na hapo zebaki na boraksi zote mbili zitakuangusha.

Maji na uzito

Njia hii ndiyo msingi wa zote, na ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Sentimita moja ya ujazo ya kwatizi ina uzito wa gramu 2.65. Pairiti ina gramu 5 hivi, mchanga mweusi unaonaswa na sumaku una gramu 5.2, na dhahabu safi ina gramu 19.3. Tofauti hiyo ni kubwa mno. Maji yenye nguvu ya kubeba kwatizi yanaiacha dhahabu imelala kwenye taulo au zulia la mwalo, bila sumu yoyote na bila kununua chochote zaidi ya maji na jasho.

Udhaifu wake ni dhahabu laini. Chembe iliyosagwa mpaka ikawa kama poda, au iliyopondwa na gololi za karasha, mashine ya kusagia mawe, ikawa bapa, inabebwa na maji pamoja na tope. Nyingine huelea kabisa juu ya maji kwa sababu uso wa maji unaishikilia. Tone la sabuni ya maji kwenye karai huvunja mshikilio huo. Ila hasara kubwa zaidi niionayo inatokana na haraka: watu wanainua mwalo uwe mkali, wanafungulia maji mengi, kisha wanailaumu njia. Na wengi wanasaga kila kitu kwa mkupuo mmoja mpaka kiwe unga, badala ya kusaga kiasi, kuchekecha, kuosha kilicholegea, na kurudisha karashani punje kubwa peke yake. Dhahabu iliyokwisha kuwa huru haina sababu ya kuendelea kupigwa.

Mwisho wa kuosha unabaki na mchanga mzito, mara nyingi mweusi, wenye dhahabu ndani. Pitisha sumaku iliyofungwa kwenye kitambaa chembamba: itaondoa ule mchanga mweusi wa chuma na vumbi la gololi. Kilichobaki ndicho kinacholeta swali halisi.

Zebaki na boraksi, ana kwa ana

Zebaki ni metali iliyo kimiminika katika joto la kawaida. Ukiikoroga na mchanga mzito inaishika dhahabu, wala haishiki kwatizi. Mnakamua kwenye kitambaa, inabaki tonge ya kijivu, amalgamu, ambayo karibu nusu yake bado ni zebaki. Kisha moto. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1,064, kwa hiyo moto mdogo tu unaiondoa moja na kuiacha nyingine. Kazi ya muda mfupi, kijana yeyote anajifunza asubuhi na kuifanya mchana. Anayesema zebaki inapendwa kwa ujinga hajasimama mwaloni. Inapendwa kwa sababu kazi yake ni nyepesi.

Boraksi ni chumvi nyeupe, kampaundi ya sodiamu, boroni na oksijeni pamoja na maji, unga ule ule anaoutumia sonara anapounga pete. Yenyewe haiishiki dhahabu hata kidogo. Inawashika wale wengine. Ikikauka maji yake na kuyeyuka, karibu nyuzi 743, inayayeyusha ndani yake mabaki ya mchanga na oksidi za chuma na kuyageuza kioo chepesi kinachotiririka. Moto ukipanda zaidi dhahabu nayo inayeyuka, na kwa kuwa ni nzito inazama na kujikusanya chini. Ukipoza na kuvunja kile kioo, unakuta kitufe cha dhahabu. Wachimbaji wadogo wa Benguet, kule Ufilipino, wameitumia njia hii kwa miongo kadhaa.

Kwa gharama, boraksi ni rahisi lakini inataka moto wa kweli: chungu cha kuyeyushia, mkaa mzuri, feni au mvukuto, au mtungi wa gesi wenye kichwa kikali. Zebaki inataka moto mdogo, ila yenyewe inanunuliwa kila mara kwa sababu kila mara inapotea. Kwa ustadi, zebaki inasamehe mchanga uliooshwa vibaya; boraksi haisamehe. Ukiipelekea ndoo nzima ya mchanga ambao haujasafishwa, utakula boraksi na mkaa mwingi na kupata kioo kizito chenye chembe za dhahabu zilizonasa katikati. Mtu anayesema "boraksi nilijaribu, haifanyi kazi" mwulize aliosha mpaka kikabaki kiasi gani. Mara nyingi jibu liko hapo.

Boraksi ina adui mwingine: pairiti nyingi. Salfa ikibaki, hutengeneza tabaka zito linaloibana dhahabu. Mchanga wa namna hiyo lazima uchomwe kwanza ili salfa itoke, na moshi wake unakaba koo, kwa hiyo kazi hiyo ifanyike mahali pa wazi, upepo ukiwa mgongoni kwako, mbali na nyumba.

Sasa upande ambao mizani ya mnunuzi haiuoneshi. Zebaki ni elementi, na elementi haiunguzwi ikaisha. Anayesema "nimeichoma zebaki" ameihamisha tu, kutoka kwenye tonge kwenda hewani na mapafuni mwake. Mvuke wake hauna rangi wala harufu, na haungoji nyuzi 357. Hata chupa iliyo wazi chumbani inautoa taratibu. Kutoka mapafuni unaingia kwenye damu na ubongo: mikono kutetemeka, usingizi kuharibika, kusahau, hasira zisizo na sababu. Mtoto aliye tumboni na mtoto mdogo wanaumia zaidi, na ndiyo maana kuchomea jikoni, kwenye sufuria, usiku ili watu wasione, ni jambo ambalo nalisema kwa ukali kila ninapopata nafasi.

Iliyotoka nje nayo inashuka ardhini na mtoni. Huko vijidudu vya matope vinaiunganisha na kaboni na kuwa kampaundi nyingine, methili ya zebaki, inayojilimbikiza ndani ya samaki. Maji ya mto Lupa yanaelekea Ziwa Rukwa, na Rukwa haina mto unaotoka. Kinachoingia kinabaki.

Kuna hasara hata kwa asiyejali afya. Zebaki ikimiminwa moja kwa moja karashani, gololi zinaipasua kuwa vitone vidogo mno, na kila kitone kinaondoka na dhahabu yake kwenda kwenye marudio, yale mabaki ya tope na mchanga baada ya kuosha. Unapoteza zebaki uliyoinunua na dhahabu uliyoichimba, na atakayeyaloweka marudio yale ndiye atakayeivuna. Kati ya matumizi yote ya zebaki, hili halina utetezi hata wa kibiashara.

Kwa anayeishikilia zebaki bado, ritoti ni kiwango cha chini kabisa. Ni chombo cha chuma kilichofungwa chenye bomba: tonge inawekwa ndani, mvuke unapita kwenye bomba linalopozwa, zebaki inatona upande wa pili, kama mtambo wa gongo unavyofanya na pombe. Zebaki nyingi inarudi na kutumika tena. Chombo kikae nje, kisifunguliwe kingali cha moto, na asiwepo mtoto karibu. Hata hivyo dhahabu inayotoka huwa bado na zebaki kidogo ndani, na sonara atakapoiyeyusha dukani, mabaki hayo yatatokea pale, katikati ya wateja.

Sheria nayo imeshaelekea upande mmoja. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika 2017. Tanzania iliuridhia 2020. Kwa uchimbaji mdogo unataka mambo manne yakomeshwe: kutia zebaki kwenye mawe yote yaliyosagwa badala ya mchanga mzito uliooshwa, kuchoma amalgamu bila chombo kilichofungwa, kuichoma kwenye makazi, na kuloweka kwa sayanaidi mchanga wenye zebaki ambayo haijaondolewa. Hapa nyumbani kemikali hizi ziko chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na muuzaji asiye na usajili anakuuzia matatizo pamoja na chupa.

Msimamo wangu: kwa mchanga mzito wa kilo chache wenye dhahabu inayoonekana, chukua boraksi.

Sayanaidi ni kazi nyingine kabisa

Watu huiweka sayanaidi kwenye mstari mmoja na hizo mbili, na hapo ndipo ulinganisho unapoharibika. Kuosha, zebaki na boraksi zinaishughulikia dhahabu ikiwa elementi toka mwanzo hadi mwisho. Sayanaidi inaigeuza. Sodiamu sayanaidi ikiwa ndani ya maji, kwa msaada wa oksijeni ya hewani, inaiunganisha dhahabu kuwa kampaundi inayoyeyuka. Dhahabu inakuwa ndani ya maji na huioni tena. Kisha kaboni, yaani mkaa ulioandaliwa maalumu, inainyonya kutoka kwenye maji yale, kaboni inapelekwa elusheni, mtambo ambako dhahabu inang'olewa kwa maji moto yenye kemikali na kurudishwa kuwa metali kwa umeme. Umeivunja hali yake ya asili, na lazima ulipe gharama ya kuirudisha.

Faida yake ni kwamba inafika pale ambapo jicho na karai havifiki. Dhahabu laini kama poda, ile iliyoukimbia mwalo, ile iliyobaki kwenye marudio ya miaka iliyopita: hiyo ndiyo chakula cha sayanaidi. Kwa hiyo haishindani na boraksi, zinafuatana. Chembe kubwa zitolewe kwanza kwa maji, kwa sababu sayanaidi huila chembe kubwa polepole mno, na wakati wote huo mtaji wako umelala kwenye tangi.

Mtaji wenyewe si wa viroba kumi. Matangi yasiyovuja, pampu, kaboni, vipimo vya maabara, mtu anayejua anachokifanya, na siku nyingi za kusubiri. Halafu jiwe lenye madini ya shaba linainywa sayanaidi kabla dhahabu haijaipata, hivyo marudio yasiyopimwa yanaweza kukumalizia fedha ukiwa unayatazama.

Kwa hatari, linganisha hivi. Sayanaidi inaua kwa dakika. Maji yake yakipungukiwa chokaa, pH (kipimo cha uasidi; ikishuka, asidi imezidi) ikashuka, inatoka gesi ya hidrojeni sayanaidi, ambayo huchemka kwenye nyuzi 26 tu, joto la kawaida la mchana Chunya. Ndiyo maana mitambo inashikilia pH ya 10.5 au zaidi kwa chokaa, na asidi ya aina yoyote haikai ghala moja nayo. Usitegemee pua: wapo watu wasioweza kabisa kuinusa. Hafanyi mtu mmoja peke yake, na bwawa lisilo na uzio ni kifo cha ng'ombe wa jirani.

Lakini sayanaidi ni kampaundi, kaboni na naitrojeni zilizoshikana, na kampaundi huvunjika. Jua na hewa huipunguza, na kemikali kama haidrojeni peroksidi huimaliza hadi ikawa vitu visivyo na ukali ule. Zebaki haina pa kuvunjikia. Ukiniuliza ipi ni sumu zaidi nitakuuliza kwa nani: kwa kijana aliye zamu leo, sayanaidi; kwa bonde zima miaka hamsini ijayo, zebaki.

Kuzichanganya ndiyo mbaya kuliko zote. Marudio yaliyopitiwa na zebaki yakilowekwa, sayanaidi inaiyeyusha zebaki pia. Inatembea na maji, inapanda kwenye kaboni pamoja na dhahabu, na inatoka mvuke mbele ya fundi wa elusheni ambaye hakuambiwa chochote.

Asidi ya naitriki, ambayo wengine huitaja katika mstari huu huu, ni ya kusafishia dhahabu iliyokwisha patikana, kwa kuyeyusha fedha na shaba iliyomo. Waachie wenye maabara.

Basi uchukue ipi

Jiwe linaloonesha chembe kwenye karai, viroba vichache, mtaji mdogo: osha kwa uangalifu, sumaku, boraksi. Jiwe hilo hilo likiwa na pairiti nyingi: osha, choma mchanga mzito kwanza, halafu boraksi. Marudio mengi yaliyopimwa na kuonekana yana dhahabu laini, na mko kikundi chenye leseni na fedha ya kungoja: sayanaidi, mradi marudio hayana historia ya zebaki. Karai tupu na hakuna kipimo cha maabara: usichague chochote, tafuta kipimo. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iko Dodoma, na sampuli inasafiri kwa basi kama mzigo mwingine.

Sampuli yenyewe iwe ya haki. Mwaga mawe yaliyosagwa yawe rundo lenye ncha, libapeshe, ligawe robo nne, chukua robo mbili zinazotazamana, changanya, rudia mpaka ubaki na kiasi unachotaka. Ukiokota kwa mkono utaokota kinachong'aa, na jibu la maabara litakupendeza bure. Kwa utaratibu huo huo unaweza kujipimia mwenyewe zebaki na boraksi: rundo moja, mafungu mawili sawa, karasha moja, mwoshaji mmoja, mizani moja. Pima pia dhahabu iliyobaki kwenye maji machafu ya kila fungu, maana hapo ndipo vitone vya zebaki vinapokwenda.

Na kabla ya kusaga hata kiroba kimoja, uliza marudio ni ya nani. Mahali pengi mwenye karasha anakusagia kwa bei ndogo kwa sababu tope linabaki kwake, naye analipeleka kwenye sayanaidi. Kama dhahabu yako ni laini, huenda sehemu kubwa ya mali yako iko kwenye tope lile. Mpatane gharama ya kusaga ukiondoka na marudio yako, mpatane pia gharama ukiyaacha, kisha weka bei hizo mbili pamoja na jibu la maabara ndipo useme mzigo uteremshwe.